Namna ya Kupigwa Kistaarabu

Meza za wauza vitabu pale Posta zimejaa vitabu vya kumfundisha mtu biashara, na vyote vinamwelekeza muuzaji namna ya kumnasa mteja. Mteja mwenyewe hajaandikiwa kitu. Anaachwa aingie Kariakoo kichwa kichwa, anapigwa ovyo ovyo, kisha anarudi nyumbani akinung'unika kana kwamba kuna mtu amemkosea. Mwongozo huu umekusudiwa kuziba pengo hilo. Unamfundisha mkazi wa mjini kupigwa kwa adabu: asipige kelele, asimcheleweshe mwenzake, wala asimharibie mtu siku.

Masharti ya kujiunga ni mepesi. Si lazima uwe mjinga. Wajinga ni wasumbufu. Mjinga huuliza, akajibiwa, akauliza tena, na katika kumwelezea mara ya pili hesabu hujitokeza yenyewe hadharani. Mteja anayefaa ni mtu mwelewa, aliyesoma kidogo, mwenye haraka na mwenye haya. Mwenye haraka hahesabu. Mwenye haya huhesabu, lakini hasemi. Ukiwa na vyote viwili, wewe ni wa kutafutwa kwa tochi.

Kuna maneno ya kukariri kabla hujatoka nyumbani: "na yeye anatafuta." Konda akibaki na mia mbili yako, na yeye anatafuta. Daladala ikikushusha Buguruni wakati ubavuni imeandikwa Gongo la Mboto, dereva na yeye anatafuta. Mwenye duka akikosa chenji akakupa pipi mbili, na yeye anatafuta. (Kesho yake ukimpelekea pipi zile zile kulipia kiberiti atakutazama kama umepungukiwa akili, lakini hayo ni mambo ya uchumi, tuwaachie Benki Kuu.) Uzuri wa maneno haya ni kwamba yanakugeuza kutoka mtu aliyeibiwa kuwa mtu aliyetoa sadaka, na hakuna aliyewahi kwenda polisi kudai sadaka.

Tuanze na nyumba ya kupanga, kwa sababu ndiko pesa nyingi iliko.

Ukitaka chumba na sebule, usihangaike kuzunguka mtaani ukiwauliza majirani. Tafuta dalali. Utamkuta mtandaoni na picha iliyopigwa kutoka kona ambayo sebule inaonekana inaweza kubeba harusi, na chini yake tangazo lisilobadilika mwaka hadi mwaka: taili chini, jipsamu juu, maji ya Dawasa, umeme unajitegemea, ndani ya fensi, dakika tano kutoka lami. Dakika hizo tano ni za bodaboda, usiku wa manane, barabara ikiwa tupu.

Kabla hujaona chochote utalipa pesa ya kuonyeshwa, 10,000 au 20,000 kutegemea mtaa na viatu ulivyovaa. Pesa hiyo hairudi. Hata nyumba isipokuwepo hairudi, maana hukulipia nyumba. Umelipia kuonyeshwa, na umeonyeshwa: umeonyeshwa geti, ukaambiwa mwenye funguo ametoka kidogo. Usiulize kama dalali alijua kwamba mwenye funguo ametoka. Mshukuru, mpande bodaboda, lipa nauli yako na yake, mwende kwenye nyumba ya pili. Huko nako utalipa pesa ya kuonyeshwa, kwa sababu ni mtaa wa dalali mwingine na huyu wa kwanza ni mgeni kama wewe. Siku ukipata nyumba utakuta madalali wanne wanagawana, na kila mmoja atakuapia kwamba bila yeye ungelala nje.

Ukiipenda nyumba, tangaza. Sema "hapa pazuri" kwa sauti, gusa ukuta, anza kupanga kitanda kitakaa wapi. Dalali atasogea pembeni na simu, ataongea na mtu ambaye huenda hayupo, kisha atarudi na habari kwamba kuna mama anakuja na hela mkononi saa kumi jioni. Huyo mama wa saa kumi ndiye mpangaji mkongwe kuliko wote Dar es Salaam. Amenusurika kuhamia kila nyumba kutoka Mbagala hadi Tegeta, na mpaka leo hajapata pa kulala.

Hesabu zenyewe usizipige mbele ya watu, lakini kwa faida ya mafunzo tuzipige hapa. Tuseme kodi ni 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 900,000. Wapo wanaotaka ya mwaka mzima. Dalali anachukua ya mwezi mmoja, 150,000. Umetoa 1,050,000 na hujanunua hata kufuli. Sasa angalia kazi ilivyofanyika: nyumba ilikuwa tupu, mwenye nyumba alihitaji mtu, dalali amemletea mtu, na aliyelipia kuletwa ni yule aliyeletwa. Nimejaribu kuwaeleza jambo hili watu wasiokaa mijini kwetu, wakadhani ninatania. Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hata ukipatwa na hamu ya kulalamika hutajua uanzie ofisi gani, na hilo limekuokolea nauli.

Ukishahamia, kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500. Kisheria ni deni la mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na mita haiulizi nani mwenye hati. Njia ya kurudishiwa ipo: unamwambia mwenye nyumba aipunguze kwenye kodi ya pango. Sasa hebu jifikirie unamgongea mzee wa watu mlango, "Shikamoo baba, nimekuja kwa ajili ya ile elfu moja na mia tano." Humalizi sentensi. Mtu aliyekwisha kujua kwamba anakatwa 18,000 kwa mwaka zisizomhusu, na bado akaona afadhali azikalie kimya kuliko kusimama mlangoni, huyo amefuzu sehemu ya kwanza ya mafunzo haya.

Na ni haya hiyo hiyo inayowalisha wale watumaji wa ujumbe: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii, jina litatokea fulani." Matapeli hawa hawajui unakaa wapi. Hawajui hata kama umepanga au umejenga. Wanachojua ni kwamba mpangaji wetu hampigii simu mwenye nyumba wake kwa hiari. Atatuma pesa, ataomba radhi kwa kuchelewa, na atagundua siku mwenye nyumba wa kweli atakapobisha hodi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa namna hii pamoja na namba ya aliyeutuma, ili laini ifungiwe. Ukibonyeza *106# unaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kila laini inayotumika nchini ina alama ya kidole. Zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Maana yake, nyuma ya kila ujumbe wa tapeli kuna kidole cha mtu, pengine cha bibi fulani aliyesajili laini yake kwenye mwavuli barabarani na kuambiwa na kijana, "Bibi, weka tena, hakijashika." Akaweka tena. Angekataaje, kijana mwenyewe alikuwa na heshima vile?

Mteja aliyefuzu anaufuta ujumbe na kuendelea na shughuli zake. Wa nyuma yake naye atajijua.

Kariakoo mtu hapigwi ipasavyo akiwa peke yake. Anahitaji winga.

Winga hana duka, hana mzigo na hana kodi ya fremu. Anachomiliki ni ufahamu wa nani anauza nini, ghorofa ya ngapi, kwa bei gani. Anakupokea unaposhuka tu Msimbazi: "Dada yangu, unatafuta nini leo?" Ukijibu, umeanza kazi. Duka atakalokupeleka ni lake. Ukisita, linakuwa la kaka yake. Ukisita tena ni la shemeji, na shemeji hadanganyi. Ndani ya duka mwenye mali hatakutajia bei. Atamtazama winga, na winga ndiye atakayetaja. Tuseme pea ya viatu mwenye duka anaiuza 18,000. Winga atasema 35,000. Utacheka, utageuka kama unaondoka, utaitwa, utarudi, mtabishana hadi 28,000. Unatoka umejaa furaha kwa kuokoa 7,000. Elfu kumi iliyobaki juu inaitwa cha juu, na inasubiri ukunje kona ndipo igawanywe.

Hapa pana utaalamu ambao watu wengi hawauoni. Wanadhani kubembeleza bei ni kinga ya mteja. Kubembeleza ndiko kunakompumbaza. Asiyebembeleza angeweza kwenda duka la pili kuuliza. Aliyebembeleza ameshinda, na mshindi haendi kuuliza duka la pili kama kweli alishinda. Ushindi wako ulikwisha kutengewa bei kabla hujapanda daladala ya kuja mjini.

Sisemi mawinga ni wezi. Wapo wanaokutafutia kitu ambacho peke yako ungezunguka ukikitafuta hadi Iddi, na kazi hiyo inastahili ujira. Ila ujira wao haujawahi kuandikwa popote. Husomwa usoni kwako, kwenye simu uliyoshika, na kwenye lafudhi yako ikiwa umetoka bara juzi.

Ukifika kwenye simu na vyombo vya umeme, usiulize swali la kitoto kama "hii ni orijino?" Utajibiwa kwa swali: unataka orijino ipi? Kuna orijino, kuna orijino yenyewe, halafu kuna orijino ya Dubai. Zote ziko ndani ya kabati moja. Chagua kwa moyo.

Kisha litakuja swali lenyewe: "Nikupe bei ya risiti au bila risiti?" Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na tangu hapo Mamlaka ya Mapato haijachoka kuimba kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mnunuzi asiyedai naye ana kosa kisheria. Lakini VAT ni asilimia 18, na winga amekuonea huruma, anataka akupunguzie. Punguzo hilo lipokee. Siku mbili baadaye pasi itakapogoma kupata moto utarudi nayo, utakuta ukutani kumebandikwa karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Huna risiti ya kuonyesha hata kwamba uliwahi kuingia humo. Winga hayupo, na mwenye duka hakumbuki sura yako; kwa haki, wewe hukuwa mteja wake, ulikuwa wa winga. Sheria ya Ushindani ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ina vifungu vya kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu na bidhaa mbovu, na sijaona humo pahala palipoandikwa kwamba karatasi ya ukutani inaifuta. Tatizo ni kwamba karatasi iko ukutani na sheria iko Dodoma.

Wauzaji wa mtandaoni wameondoa hata usumbufu wa kutaja bei. Picha ya gauni, maua mawili, "bei njoo inboksi." Usikasirike. Wanahitaji muda wa kuchungulia ukurasa wako waone sikukuu ulikula wapi.

Mafundi tutawapitia haraka kwa sababu kila familia ina simulizi yake. Kanuni ni moja: fundi akikuandikia orodha ya vifaa, usiende naye dukani. Mpe hela. Ana duka lake analoliamini, na duka hilo linamwamini, na hapo katikati pana cha juu kama cha Kariakoo. Fundi wa gari atabadilisha kifaa kilichokuwa kizima ili kile kibovu kisijisikie mpweke. Fundi simu atakuwekea kioo kipya, na huna sababu ya kumuuliza betri yako ya zamani ilikwenda wapi. Fundi ujenzi ataagiza mifuko kumi ya saruji. Saba itaingia kwenye ukuta wako, na mitatu itaonekana miezi ijayo kwenye msingi wa mtu huko Chanika. Anayejenga Dar es Salaam hujenga nyumba moja na robo. Wenye viwanja vikubwa hujenga moja na nusu.

Safari za mikoani nazo zina somo lake zuri. Fika kituoni Mbezi ukiwa na begi na wasiwasi. Utaambiwa gari inaondoka sasa hivi, imebaki siti moja. Chungulia ndani: kweli, vichwa vimejaa. Lipa, panda, kaa. Baada ya robo saa utaona abiria wa mbele anashuka taratibu, halafu wa pembeni yake, halafu watatu kwa mpigo, na siti zao zinakaliwa na watu wenye mabegi na wasiwasi kama wako. Walioshuka hawakuwa wanasafiri. Walikuwa kazini, wanalipwa kukaa, na ukichungulia gari la jirani utawakuta wamekaa tena, mmoja akiwa ameegemea dirisha kwa uchovu wa safari ndefu. Treni ya SGR iliyoanza kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024 inaondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na hivyo imewanyima wasafiri wengi elimu hii.

Kwenye mikopo ya simu kejeli inapata taabu kidogo, maana wenye biashara hiyo wametangulia kuifanyia kejeli wenyewe. Unaomba laki moja. Inaingia elfu sabini, hizo nyingine zimekwisha kuitwa gharama. Baada ya siku saba unadaiwa laki na zaidi. Wakati unapakua programu ulibonyeza "ruhusu" bila kusoma, ukaifungulia orodha yote ya majina yaliyo kwenye simu yako. Siku ya nane anapigiwa bosi wako, mchungaji wako na mama mkwe: "Mfahamishe ndugu yako alipe, ni tapeli." Mtaani wanaiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Lakini hebu itazame biashara hii kwa jicho la kitaalamu. Benki hutaka hati ya kiwanja au kadi ya gari. Hawa wamegundua dhamana ambayo kila Mtanzania anayo na yuko tayari kuuza godoro ili isiguswe: aibu mbele ya watu wake. Wengine wote niliowataja wanaitumia aibu yako kimyakimya, kwa vijisenti. Hawa wameipa bei na kuiwekea riba.

Onyo muhimu: msije mkaungana. Mwongozo huu unafanya kazi pale kila mtu anapopigwa peke yake, kwa wakati wake, akidhani wengine wameambulia bei nzuri. Kuna siku moja watumiaji wa intaneti walisahau. Aprili 2, 2021 mitandao ya simu iliamka na viwango vipya vya bando, watu wakaona pesa ile ile inawapa bando dogo kuliko la jana yake, na kwa mara moja hakuna aliyeona haya. Mayowe yaliyotokea yaliifanya serikali isitishe viwango hivyo siku ile ile. Siku moja tu! Fikiria hasara ambayo ingetokea kama tabia hiyo ingehamia kwenye udalali wa nyumba au kwenye karatasi za ukutani. Kwa bahati njema, bando limeendelea kuisha usiku wa manane hata kama hukulitumia, na wote tumerudi kwenye nafasi zetu.

Limebaki jambo moja ambalo mteja wa mjini analishiriki bila kujua, na aliyepigwa humo si yeye.

Nenda Njombe au Mbeya wakati wa viazi. Mnunuzi anafika shambani na magunia yake. Anataka gunia, na bei ni ya gunia. Gunia linajazwa, linashindiliwa, linatikiswa, linajazwa tena. Likijaa kabisa, juu ya mdomo wake kinashonwa kipande cha wavu na viazi vingine vinapandishwa humo hadi gunia linavaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lumbesa hufika kilo 130, 150, na wakati mwingine zaidi. Tuseme gunia linanunuliwa 60,000. Likiwa na kilo 100, mkulima amelipwa 600 kwa kilo. Likiwa na 150, amelipwa 400. Hakuna aliyemshusha bei. Bei ni ile ile aliyokubali. Amebebewa theluthi ya mzigo wake bila malipo, na aliyebeba ametoa ahsante.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ushuru unatozwa kwa gunia, mpakiaji analipwa kwa gunia, na lori nalo linahesabu magunia. Kila mtu njiani anahesabu magunia, kwa hiyo kila mtu njiani anataka machache yaliyonenepa. Kijana anayebeba kilo 150 mgongoni sokoni Mabibo analipwa kwa gunia moja, na mgongo wake haumo kwenye hesabu ya mtu. Jirani zetu wa Kenya nao wana lao, walilipa jina la mukorino kwa sababu ya kilemba hicho hicho. Mwaka 2019 wakatunga kanuni za viazi zinazotaka gunia lisizidi kilo 50, na tangu hapo wamekuwa wakikimbizana na wanaozivunja.

Na hapa ndipo mafunzo yangu ya haya na haraka yanapokwama. Yule mkulima haoni haya. Anajua kabisa anapigwa, anajua kwa kilo ngapi, na ukimpa nafasi atakuambia kwa sauti. Lakini viazi vimeshang'olewa, mvua inanyesha, lori ni moja na barabara ni ya udongo. Kati ya lumbesa na kuviacha vioze anachagua lumbesa. Sisi wa mjini hatuna kisingizio hicho. Sisi tuna duka la pili hatua kumi mbele.

Mzigo ukifika Dar es Salaam, kilemba kinavuliwa. Huku hakuna anayekuuzia gunia la nyongeza. Viazi vile vile sasa vinapimwa kwa sado iliyogongwa gongwa kitako hadi kimeingia ndani, au vinapangwa mafungu, vikubwa mbele na vidogo nyuma. Nyanya zina mpangilio huo huo. Buchani mizani imeelekezewa muuza nyama, nawe unaona mgongo wake. Mfupa unaingia kwanza, steki inapita juu kuusalimia, na kabla mshale haujatulia nyama imeshafungwa kwenye gazeti. Mkulima wa Njombe alipunjwa kwa kuongezewa uzito, mama wa Manzese anapunjwa kwa kupunguziwa, na wote wawili wameambiwa kipimo ni kimoja.

Mizani halali ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika. Kuiomba uione hakuna gharama, wala mizani kugeuzwa ikutazame hakuna gharama. Lakini kama umeusoma mwongozo huu hadi hapa kwa nia njema, usiombe. Muuzaji atadhani humwamini.